Mlingoti kwenye Sakafu ya Kufulia

Vijana wa atelye, karakana yetu ya antena, waliniomba niandike kazi yangu kabla sijaisahau. Walinipa daftari nene na kalamu mbili, wakidhani nina mengi. Nilisoma shule ya msingi na miaka miwili ya ufundi, kisha nikapanda milingoti hadi magoti yalipokataa. Vyeo sikuwa navyo, kwa hiyo sitavitaja. Nitaandika juu ya umbali kati ya antena na antena, jambo ambalo ninyi mnaliona dogo. Nitaandika pia kosa nililomfanyia mtu aliyenifundisha umbali huo, Papa Kabeya. Tulimzika mwanzo wa mvua hizi. Alipokuwa hai sikuweza kuliandika, na nisipoliandika sasa sitaliandika tena.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Atelye ilikuwa chumba kimoja cha bati nyuma ya soko la Likasi. Tulisimamisha antena za misheni, za vituo vya afya, za wafanyabiashara, na za watu wawili watatu mjini ambao walikuwa radioamateur, yaani watu wanaoongea na walio mbali kwa redio zao wenyewe, bila biashara, kwa kupenda tu. Papa Kabeya mwenyewe alikuwa mmoja wao. Wazazi wake walitoka Kasai wakati watu walipokuwa wakiandikwa kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa Panda, mtaa wa hapa Likasi, akafanya kazi ya mawasiliano kwenye kiwanda, na alipotoka huko akafungua atelye.

Nilidhani siku ya kwanza atanipandisha juu. Alinikalisha kwenye ndoo mbele ya kipimo chenye sindano. Uani kulikuwa na antena fupi ya majaribio, bomba lililosimama, refu kunizidi kidogo. Akachukua bomba jingine la urefu uleule, akalishika wima, akaanza kulisogelea.

"Sindano iko wapi?"

"Katikati, Papa."

"Na sasa?"

"Imeshuka."

"Na sasa?"

"Imeshuka tena! Papa, bomba ile iko na courant, iko na umeme?"

"Courant gani? Niliiokota asubuhi ku mufereji. Haiko na waya, haiko na kintu. Lakini iko urefu moja na mwenzake. Ikimukaribia, inakula mu sahani yake."

Akarudi nyuma hatua kwa hatua, na sindano ikapanda kwa utaratibu uleule. Somo likaisha. Siku iliyobaki nilifagia.

Mengine alinifundisha kazini. Kati ya antena mbili za wimbi moja acha nusu ya wimbi, na ukipata wimbi zima ni bora. Redio za huku nyingi zilikuwa kwenye wimbi la mita arobaini, basi nusu yake ni mita ishirini, na robo yake, mita kumi, ndiyo urefu wa antena ya kusimama. Kiwanja kikiwa kidogo, usilaze nyaya mbili sambamba kama reli. Zipange ncha kwa ncha, au zikate pembe kama msalaba. Nyaya za kushikilia mlingoti zikatwe vipande na kutiwa katikati mayai ya porseleni yasiyopitisha umeme, ili kipande chochote kisifikie urefu wa kuitikia wimbi. Na upime kwa mita ya chuma. Mita ya kitambaa inarefuka kwenye mvua. Hatua za mguu alizikataza kabisa. "Muguu inadanganyaka kisha saa sita ya muchana," alisema, "juu ya njaa."

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa Kapolowe. Misheni moja huko ilikuwa na antena mbili, ya mapadri na ya dispensari, zimefungwa kwenye mikaratusi miwili ileile, moja juu ya nyingine. Dispensari ikiongea, redio ya mapadri inapiga kelele kama mbuzi. Mapadri wakiongea, dispensari haisikii kitu. Fundi fulani alikuwa amewabadilishia redio mara mbili. Papa Kabeya alitazama juu kwa muda usiozidi wa kuvuta sigara.

"Mon Père, hii ya chini itahama. Itaenda kule ku mahindi."

"Kule itaonekana mubaya," padri alisema. "Hapa si zimepangwa muzuri?"

"Uzuri ni ya kanisa, mon Père. Antena inaomba nafasi."

Padri alinuna mpaka jioni. Asubuhi iliyofuata redio zote mbili ziliongea kwa wakati mmoja na hakuna iliyoisumbua nyingine. Tukapewa kuku.

Mfanyabiashara alitaka mlingoti wake uwe mbele ya nyumba ili majirani wauone. Mkuu wa kituo alitaka wake uwe karibu na dirisha ili waya usiwe mrefu. Kila mtu alikuwa na sababu ya kusogeza, na sababu hizo hazikuwa na uhusiano na wimbi. Halafu kulikuwa na wezi. Huu ni mji wa shaba, na waya wa shaba hauzeekei juu ya mti. Tulitumia waya wa chuma kisichoshika kutu, tukapoteza nguvu kidogo ya sauti, tukapata usingizi. Yote hayo niliyalalamikia zamani. Sasa ningefurahi kuyapata tena.

Nyumba ya Papa Kabeya ilikuwa Panda, kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi. Nyuma ya nyumba alisimamisha antena yake, bomba la mita kumi, na chini yake nyaya zilizotandazwa ardhini kama miale ya jua. Kila asubuhi saa kumi na mbili alivaa kaski ya kusikilizia masikioni akaita vituo vya afya na misheni zilizokuwa mbali na barabara. Hakuna aliyemtuma. Nani anahitaji dawa, nani atume gari, nani amejifungua. Alipeleka ujumbe mjini kwa baiskeli. Pembeni ya kila jina aliandika jinsi alivyomsikia, kuanzia moja hadi tano. Tano ni sauti safi. Moja ni mtu anayeongea chini ya blanketi.

Simu za mkononi zilipofika, vituo vilipungua kimoja kimoja. Kapolowe ilinyamaza mapema. Mwishowe kilibaki kituo kimoja tu, mbele ya Kakanda, kwenye bonde lisilofikiwa na mtandao. Huko alikuwepo Masœur Gaudence, mtawa muuguzi. Alianza kuongea na Papa Kabeya akiwa msichana aliyetoka novisiati, mafunzo ya utawa, na sasa alivaa miwani. Hawakuwahi kuonana hata mara tatu. Masœur alimwita "Likasi", na yeye alimwita "Binti". Mama Bernadette, mke wa Papa Kabeya, alizoea kusimama mlangoni na kikombe cha chai akimtania: "Bibi yako wa pili ameamka? Muulize kama amekula."

Mama Bernadette alikufa ghafla, kwa presha.

Wiki ileile, siku mbili kabla, mimi na Papa Kabeya tulikuwa tumechimba shimo mwisho wa kiwanja. Binti yao Nathalie, anayeishi Lubumbashi, alileta mlingoti wa chuma wa mita kumi na moja ili ufungwe antena ya internet juu, apate kuonana na wazazi kwa simu. Tulipima pamoja kwa mita ya chuma: mita ishirini na mbili kutoka kwenye antena ya redio. Papa Kabeya aliona shimo, akasema ni vizuri.

Watu walipokusanyika kwa kilio, wanawake wa familia waliliona shimo hilo. Tantine Astride, dada mkubwa wa marehemu, alisimama ukingoni akawa kama amepigwa.

"Nani alichimba?"

"Minye, Tantine. Ni ya mlingoti."

"Mulifungua kinywa ya udongo sawa kaburi mu lupango, mu kiwanja ya muntu muzima, kisha munashangaa kifo?"

Likafukiwa mbele ya watu wote, na ikasemwa kwamba hapo hapatachimbwa tena. Sibishani na maneno hayo hata leo. Kwenye kilio watu wanatafuta mahali pa kuweka uchungu, na shimo lilikuwepo.

Baada ya mazishi Nathalie alikuwa anarudi Lubumbashi, na hakutaka kumwacha baba yake bila njia ya kumwona. Aliniomba nisimamishe mlingoti kabla hajaondoka. Kuchimba niliona haiwezekani. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na sakafu ya saruji ambapo Mama Bernadette alikuwa akifulia nguo. Saruji nene, nzuri, haihitaji shimo. Ningetoboa matundu manne na kukaza bolti. Nikapima. Mita saba kutoka kwenye antena ya redio, tena upande wa Kakanda.

Niliingia kumwuliza Papa Kabeya. Alikuwa amekaa kitandani amevaa viatu.

"Papa, mlingoti nitaiweka wapi?"

"Fanya vile bamama banasema, Ngoie."

Sikumwambia mita saba. Nilikaza bolti. Radi za kwetu ni kali, kwa hiyo niliufunga mlingoti kwenye nyaya za ardhini za antena yake, nikatia ubaya juu ya ubaya, maana sasa uliitikia wimbi kama antena yenyewe. Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Chuma kilichosimama karibu hivyo na antena, kikiwa kirefu kuizidi kidogo, kinakuwa kama ukuta. Sauti inayotoka nyuma yake haipiti vizuri, na inayokwenda huko haifiki. Nilijua. Nilijiambia ni ya muda, mpaka kilio kitolewe, maombolezo yamalizwe rasmi, halafu nitauhamisha.

Papa Kabeya alirudi kwenye redio baada ya siku arobaini. Nilikuwepo asubuhi hiyo, nimempelekea mkate. Aliita. Akakaza kaski kwa mikono miwili, akafumba macho, akaita tena. Aliandika mbili. Kesho yake moja.

Siku yoyote nyingine angetoka nje na kutazama juu. Lakini mlingoti ulisimama pale alipofulia mkewe, na upande ule wa nyumba hakwenda tena wala hakuutazama. Hata maji ya kuoga aliyapitishia mbele. Na vituo vingine vya kulinganisha navyo havikuwepo tena.

Siku ya tatu alivua kaski akanipa.

"Sikiliza weye. Binti anasema nini?"

Nilivaa. Masœur Gaudence alikuwa mbali sana, neno linakuja, neno linapotea. Nilimsikia kama Papa Kabeya alivyomsikia. Na nilijua kwamba nikisema hivyo, Papa Kabeya ataelewa kuwa ugonjwa uko kwenye antena, atasimama, atakwenda nyuma ya nyumba na kuona mlingoti nilioufunga kwenye sakafu ya mkewe bila kumwambia.

"Anasema dawa ya malaria imefika," nilimjibu. Nilikuwa nimedaka neno "dawa" tu.

"Unamusikia bien, muzuri?"

"Bien, Papa. Tano."

Alichukua kaski polepole, akaitazama.

"Basi ni masikio," alisema. "Yamemufuata Bernadette."

Nilikula naye mkate ule. Nimeandika hili nikalisoma mara mbili nione kama kuna njia ya kulisema liwe dogo. Hakuna.

Ningeweza kulirekebisha kesho yake, au wiki iliyofuata. Kila Jumamosi nilipanga kwenda na funguo, na kila Jumamosi kulikuwa na kazi mahali. Sasa kumwambia juu ya mlingoti kulikuwa ni kumwambia pia juu ya uongo. Habari ya masikio ikaenea Panda. Kijana wa kuuza sabuni alipaza sauti mlangoni: "PAPA KABEYA! MINYE NJO NAFIKA!" na watu wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao ili wasione haya. Kanisani alihamia benchi la mbele. Watu wakianza kuongea wawili, alikuwa anaondoka. Aliona masikio yake yamekwisha, basi aliacha kuyatumia. Alikuwa akinisikia vizuri kila nilipomwamkia, kwa sauti ya kawaida, na hata hilo hakuligundua. Au labda alidhani napaza sauti.

Miezi mitatu baadaye alifunga redio kwa kitambaa cha meza. Aliniambia niipeleke atelye, huenda ikamfaa mtu. Sikuipeleka. Nilisema nitaipitia.

Kilio kilitolewa mwisho wa kiangazi. Watu walikula, wakacheza, vitambaa vyeusi vikavuliwa. Jioni nilimkuta Tantine Astride akikusanya sahani, nikamwambia kila kitu: mita saba, sakafu, kaski, tano. Nilitarajia anitukane. Alikaa kwenye kiti cha plastiki.

"Ile shimo ya mwisho ya lupango tu njo tulikataza," alisema. "Kando ya muryango, kulikuwa udongo. Ng'ambo ya barabara kwa mulamu yangu, kulikuwa udongo. Likasi muzima ni udongo! Sababu gani haukuuliza?"

"Niliogopa, Tantine. Mulikuwa mu kilio."

"Kilio haikatazake muntu kuuliza. Weye fundi wa kinywa ya bantu, yako ilikuwa wapi?"

Jumamosi ile nilikwenda. Tantine Astride alinionyesha mwenyewe mahali, kando ya lango, mita ishirini na nne. Nilichimba, nikahamisha, nikaziba matundu manne ya sakafu kwa saruji. Papa Kabeya alinisikia nikigonga. Alitoka, akazunguka nyumba kwa mara ya kwanza, akasimama akitazama sakafu, kisha antena, kisha lango. Sikuhitaji kumweleza hesabu. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu.

"Ilikuwa hapa?"

"Ndiyo, Papa."

"Tangu kilio?"

"Tangu kilio. Na ile siku uliniuliza kama ninamusikia, nilikudanganya. Nilisikia sawa weye. Moja."

 Mikono yake ilikuwa imeshika ukosi wa shati, kama mtu anayehisi baridi. Akaingia ndani, akaondoa kitambaa cha meza juu ya redio.

Jumapili saa kumi na mbili aliita Kakanda. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Redio ilikuwa hai, ule mvumo wa mawimbi ulijaa chumba. Mtu wa mbali sana, labda Angola, aliongea Kireno, kila neno safi. Papa Kabeya aliita mara tano. Jumatatu aliita tena. Jumanne pia.

"Masikio iko muzuri," alisema Jumanne, akivua kaski. "Ninasikia bien kabisa kwamba hakuna muntu."

Nilichukua pikipiki nikaenda mwenyewe. Barabara ya malori ya mgodi ilinila asubuhi nzima, nikafika nimejaa vumbi jekundu. Kituo kilikuwepo. Waya wa antena ulikuwa umeshushwa, umefungwa kati ya nguzo mbili, na mashuka ya wagonjwa yalikuwa yanakauka juu yake. Muuguzi kijana alinipa maji.

"Redio tulifunga, Papa. Likasi ilikuwa hajibu tena. Masœur aliita, aliita, kila asubuhi. Mwisho alisema, mzee yangu amekufa. Tukamuombea misa."

"Na Masœur iko wapi?"

"Walimutuma Tanganyika, ku misheni nyingine. Sijue kama kule kuko phonie, redio ya kuongea."

Nilirudi Panda na vumbi langu. Nilimwambia Papa Kabeya kama nilivyoambiwa, sikupunguza. Nilikuwa nimepunguza vya kutosha.

"Misa gani?" aliuliza.

"Ya wafu, Papa."

Alitikisa kichwa, akakaribia kutabasamu. "Basi yangu imeshapita. Mutapumzika siku yenyewe."

Hakunifukuza. Niliendelea kwenda kila Jumapili baada ya misa, na alinipa kiti, na tuliongea juu ya bei ya chuma na juu ya vijana wa atelye, yaani ninyi. Hata masikio yake aliyatania mwenyewe, akawaambia Panda nzima kuwa yalikuwa likizo. Redio aliifungua mara chache, akasikiliza Wareno, akaifunga. Juu ya mlingoti hakusema neno tena mpaka kufa kwake, na mimi ningefurahi kama angenitukana hata mara moja.

Kazini aliendelea kuniomba ushauri juu ya kila kitu kingine: bolti, kamba, mtu wa kumwajiri. Lakini kipimo alipokikagua, alimwita mwingine, si mimi, amsomee sindano. Mwaka wake wa mwisho alilala kwenye chumba cha mbele, macho yamefifia na masikio sasa yamechoka kweli, nami nilikaa kwenye kiti kilichogusa kitanda. Padri alipita barabarani akaita salamu dirishani. Papa Kabeya alimgeukia Nathalie, aliyekuja kumuuguza na wakati huo alikuwa jikoni, akapaza sauti kuvuka nyumba nzima:

"Nathalie! Ule anasema nini?"

Nathalie aliacha sufuria akaja mpaka mlangoni, akanitazama, maana mimi nilikuwa hapo hapo na salamu nimeisikia. Nilitazama chini. Akamjibu baba yake kwamba padri anamsalimu.